Kisiwa Kilichoazima Meli

Sanyuanli kwetu sisi ni mahali pa mabegi, viatu na nguo za jumla. Tunashuka treni ya chini ya ardhi, tunavuka barabara, tunaingia sokoni, tunabishana bei kwa kikokotoo kwa sababu lugha haitoshi, na jioni tunarudi Xiaobei na migongo inauma. Mitaa hiyo hiyo ilikuwa uwanja wa vita. Mwezi Mei 1841 majeshi ya Uingereza yalipanda kutoka mtoni yakashika ngome za vilimani, kaskazini mwa mji. Wakulima wa Sanyuanli na vijiji vya jirani wakakusanyika na majembe, mikuki na walichokuwa nacho, wakawazunguka askari. Mvua kubwa ikanyesha, baruti ikalowa, bunduki zikakataa kulia, na waliokuja kwa kiburi wakarudi nyuma. Leo hekalu la kale la mtaa huo ni jumba la makumbusho ya siku zile, na watoto wa shule hupelekwa kutazama.

Watoto wetu wanaosoma shule za hapa wanaijua hadithi hiyo. Wanamjua pia Zheng He na merikebu zake, na twiga aliyetoka Malindi akafika kwa mfalme wa China mwaka 1415. Watu wa Malindi waliomo kati yetu hawaachi kujivunia twiga huyo kana kwamba walimlisha wenyewe. Lakini wa Mombasa wakiulizwa na watoto, "Na kwetu je, walipigana na watu wa meli?" jibu huwa fupi: ndiyo, walipigana, kamalize kazi ya shule. Makala hii ni jaribio la kutoa jibu refu zaidi, kwa watoto na kwa sisi wenyewe, maana jibu refu lina mambo yanayotuhusu hapa tulipo.

Tuanze na kisiwa chenyewe. Jina lake la zamani ni Mvita. Wapo wanaosema limetokana na vita, na wapo wanaomtaja Shehe Mvita, ambaye wenyeji humhesabu kuwa mwanzilishi wa mji. Vyovyote iwavyo, vita vilikizoea. Vasco da Gama alifika Aprili 1498, hakupata mapokezi aliyoyataka, akaenda zake Malindi, akakaribishwa na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na manowari, akauteka mji, akaupora na kuuchoma. Mwaka 1528 Nuno da Cunha akarudia kazi ile ile. Mwaka 1589 Wareno wakaja tena kwa sababu watu wa Mombasa walikuwa wamemwita Mir Ali Bey, baharia wa Waturuki, awasaidie. Safari hiyo mji ulikuwa na adui pande mbili: Wareno baharini, na Wazimba upande wa bara, kwenye kivuko cha Makupa. Mara tatu katika miaka 84 mji uliangushwa, na kila mara watu wakarudi wakajenga upya.

Kisha Wareno wakaona kuchoma hakutoshi. Tarehe 11 Aprili 1593 wakaweka msingi wa ngome iliyochorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa bandari. Ndiyo Fort Jesus, ambayo kwetu huitwa Ngome tu. Na ili kuwe na mtawala wa kutumainiwa, wakamleta mfalme wa Malindi kutawala Mombasa. Hapo ndipo utani wetu na ndugu zetu wa Malindi ulipoanza, na haujaisha.

Sasa, ili vita vinavyofuata vieleweke, lazima tukumbushane pepo. Waliokulia pwani wanajua: kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, huleta vyombo kutoka Arabuni na India, kusi hushika kuanzia Aprili, huvirudisha. Makao makuu ya Wareno upande wetu wa dunia yalikuwa Goa, India. Ngome ya Mombasa ikizingirwa mwezi wa Aprili, hata barua ikifika Goa upesi, jahazi la msaada haliwezi kushuka moja kwa moja mpaka kaskazi irudi. Kwa hiyo ngome ile, kwa unene wa kuta zake zote, ilikuwa inategemea upepo na meli za mbali. Aliyeijua kalenda ya upepo alijua lini kuanza vita na lini kungoja.

Goa hiyo hiyo iliitawala na Macau, ambayo kwetu sisi wa Guangzhou ni mwendo wa treni hadi Zhuhai kisha kuvuka mpaka kwa miguu. Mwenye viza ya kuingia mara moja haendi, maana akitoka harudi. Lakini wachache wetu wenye viza za kuingia na kutoka tulikwenda. Tulipanda kilima kilicho kando ya magofu ya kanisa la Mtakatifu Paulo hadi Fortaleza do Monte, ngome iliyojengwa kati ya 1617 na 1626. Mizinga ingali imekaa kwenye kuta, midomo nje. Mmoja wetu aliyecheza utotoni chini ya Ngome ya Mombasa alipapasa ukuta, akasema, "Hawa walikuwa na fundi mmoja nini?" Hapakuwa na fundi mmoja. Palikuwa na dola moja, yenye mlolongo wa ngome kutoka Msumbiji hadi China, na kila ngome ikingoja meli ya mwenzake.

Pale Macau lipo jambo lililotunyamazisha. Tarehe 24 Juni 1622 Waholanzi waliishambulia Macau kwa meli na kwa askari walioteremka ufukoni. Ngome ilikuwa haijamalizika. Miongoni mwa waliowarudisha Waholanzi baharini walikuwamo watumwa wa Kiafrika wa Wareno, na walipigana vikali. Baada ya ushindi baadhi yao waliachwa huru. Tulisimama juu ya ukuta ule tukafikiri: Waafrika walifika hapa miaka mia nne kabla yetu, na uhuru wao waliupata kwa kumpigania aliyewanunua. Uhuru wa namna hiyo tutauitaje? Hatukupata jina. Lakini tulipoirudia historia ya Mombasa tulilikuta swali lile lile likitungoja mlangoni.

Tuanze na mwaka 1631. Mfalme Hassan, wa ukoo ule ulioletwa kutoka Malindi, aligombana na kapteni wa ngome. Mwaka 1614 alikimbilia bara, na huko akauawa na watu waliolipwa na Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe, Yusuf, alikuwa bado mtoto. Naye akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa Kiagustino, akabatizwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akatumikia katika meli zao, akaoa huko. Mwaka 1626 Wareno walimrudisha Mombasa awe mfalme, wakiamini wamejifinyangia mtu wao. Walisahau kwamba mtoto huyo alikuwa na kaburi la baba. Inasimuliwa kwamba alionekana usiku akiomba kwenye kaburi hilo kwa desturi ya Kiislamu, na kapteni Pedro Leitão de Gamboa akakusudia kumshitaki Goa. Yusuf hakungoja kushitakiwa. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, kapteni akauawa, na mji ukageuka.

Tunapowasimulia watoto hatuna budi kusema na yaliyofuata. Waliouawa siku zile hawakuwa askari peke yao. Walikuwamo mapadri, na wanawake na watoto wa Kireno na wa Kiafrika waliokataa kuacha Ukristo. Mtu anaweza kuwa na haki katika kisa chake na damu isiyo na haki mikononi mwake. Historia ya Mvita haitupi shujaa mwenye kanzu nyeupe.

Januari 1632, kaskazi ikivuma, manowari za Goa zikafika chini ya Francisco de Moura. Walipiga mizinga kutoka majini, wakajaribu kuteremsha watu nchi kavu, wakapigana na watu wa Yusuf na wenyeji kwa zaidi ya miezi miwili. Mwezi Machi upepo ukawa unageuka, na manowari zikaondoka bila kuitwaa ngome, zikaacha meli chache za kulinda bandari. Hapo tungetarajia hadithi imalizike kwa vigelegele. Lakini Yusuf alikuwa amekaa katika meli za Wareno ujana wake wote, akajua asiyoyajua aliyekulia nchi kavu: kaskazi itarudi, na Goa itarudi nayo. Alikuwa na ngome lakini hakuwa na manowari. Mwezi Mei, kusi iliposhika, akaivunja ngome kadiri alivyoweza, akapakia, na katika meli aliyoiteka kwa Wareno wenyewe akaondoka kuelekea Arabuni. Miaka iliyobaki aliishi baharini akiwasumbua Wareno, mpaka alipofariki Jeddah mwaka 1638. Huku nyuma Wareno walirudi mwezi Agosti 1632 wakaikuta ngome tupu. Juu ya lango lake kapteni Francisco de Seixas de Cabreira akachonga maandishi ya kujisifu jinsi alivyoiadhibu miji ya pwani. Maandishi hayo yapo mpaka leo; anayekwenda likizo akayatazame.

Fundisho la Yusuf lilieleweka vizuri Mombasa, Pate na miji mingine: atakayeuondoa utawala wa Wareno lazima awe na manowari. Wenyeji walikuwa na mitepe na majahazi, vyombo vizuri vya biashara, lakini chombo cha mikoko na boriti si chombo cha mizinga. Mwaka 1650 Waomani waliwafukuza Wareno Maskati, wakajipatia meli zao na kujifunza namna ya kuzitumia. Basi wazee wa pwani wakatazama kaskazini. Wakapeleka maombi: tusaidieni. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mgeni alikuja. Tarehe 13 Machi 1696, mwishoni mwa kaskazi, kundi la meli za Imam Saif bin Sultan liliingia Mombasa. Angalia mwezi: wakati ule ambao Goa haiwezi tena kutuma kitu. Waomani waliushika mji na kisiwa, wakaizingira ngome, na mzingiro ule ukadumu miezi 33.

Nani alikuwa ndani ya ngome? Hapa ndipo watoto hushangaa. Mwanzoni Wareno walikuwa kiasi cha 50 hadi 70 tu. Waliobaki, zaidi ya 1,000, walikuwa watu wa pwani yetu: wanaume, wanawake na watoto, wengi wao wa Faza. Watu wa Pate walikuwa na Waomani, na Faza na Pate hawakuwa wakipikika chungu kimoja; kwa hiyo Faza wakawa na Wareno. Chuki ya jirani ilikuwa karibu zaidi kuliko chuki ya mgeni. Waliokuwa nje ya ukuta wakirusha risasi walizungumza Kiswahili, na waliokuwa ndani wakirudisha risasi walizungumza Kiswahili. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Msaada wa kwanza kutoka Goa ulifika Desemba 1696, na kaskazi. Ulileta watu na chakula, lakini tauni ilikuwa imekwisha kuingia ngomeni, ikawaua wapya kama ilivyowaua wa zamani. Katikati ya mwaka 1697 Wareno walikuwa wamekwisha kufa karibu wote. Kapteni wa mwisho alipofariki, ulinzi ukabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza na jamaa zake. Mwana wa kisiwa cha Kiswahili aliishika ngome ya mfalme wa Ureno, bendera ya Ureno ikipepea juu yake, mpaka meli za Wareno ziliporudi kutoka Msumbiji mwezi Septemba, safari hii kwa kusi. Wenzetu waliopigana Macau 1622 tuliwakumbuka hapa.

Katika meli hizo ilikuwamo Santo António de Tanná, manowari iliyojengwa Bassein, India. Ilipigwa, kamba zake zikakatika, ikaenda mrama, na mwaka huo huo wa 1697 ikazama mbele ya ngome iliyokuja kuiokoa. Mapigano yakaendelea mwaka mwingine mzima, hata waliobaki ndani wakawa wachache wasioweza kulinda urefu wa kuta. Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani wakapanda na kuingia. Siku chache baadaye manowari za Goa zikatokea kwenye upeo wa macho. Mabaharia wakaona bendera nyekundu juu ya ngome, wakageuza tanga.

Hivyo ndivyo Wareno walivyoondolewa kaskazini mwa Ruvuma, na hivyo ndivyo Mombasa ilivyopata uhuru wake wa kuazima. Maana Waomani hawakuja kuondoa na kwenda zao. Waliweka liwali na askari. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Haikupita miaka thelathini, wale wale wa Pate waliowashangilia Waomani wakawa wamechoka nao, wakawaita Wareno! Machi 1728 meli za Goa, chini ya Luís de Melo e Sampaio, zikaichukua ngome tena, wakati Oman yenyewe imegawanyika kwa vita vya ndani.

Hapa sasa ndipo palipo na vita ambavyo sisi tungependa watoto wavijue kuliko vyote, navyo ndivyo visivyotajwa sana. Wareno waliorudi walikuwa na ukali ule ule wa babu zao. Mwezi Aprili 1729, kaskazi imekwisha na Goa iko mbali, watu wa Mombasa wenyewe waliinuka. Hawakungoja manowari ya mtu. Waliizingira ngome kwa nchi kavu, wakaifungia chakula, wakakaa. Miezi saba baadaye, tarehe 26 Novemba 1729, njaa ikafanya kazi ambayo mizinga isingeweza. Wareno wakasalimu amri, wakaruhusiwa kuondoka, na hawakutawala tena Mombasa. Hapakuwa na meli kubwa, hapakuwa na shujaa mmoja wa kuchongewa sanamu. Palikuwa na watu wanaojua upepo unavuma lini, na wakaweza kuvumilia kwa pamoja.

Kisha, baada ya ushindi huo, wazee wa Mombasa walifanya nini? Walipeleka ujumbe Maskati kumwomba Imam awe mlinzi wao.

Jambo hili lilitutia katika mjadala usiku mmoja pale Xiaobei, baada ya chakula, wakati mwenye mkahawa anataka kufunga na sisi hatutaki kuondoka. Kijana mmoja wetu, anayesafirisha vipuri vya pikipiki, alisema hawezi kuwaelewa wazee hao. Wameshinda kwa mikono yao, halafu wanakwenda kutafuta bwana mwingine! Mama mmoja wa Kibokoni, aliyeanza kuja Guangzhou kabla wengi wetu hatujajua iko wapi kwenye ramani, akaweka kikombe chini.

"Wanangu," akasema, "nyinyi mwasema hivyo kwa kuwa mumekula mukashiba. Hao walikuwa wajua Mreno atarudi na kaskazi. Mtu azamaye haulizi kamba ni ya nani."

"Sawa, mama," kijana akajibu kwa adabu, "lakini akishatoka majini, aulize."

"Haya. Na wewe mzigo wako uko meli ya nani?"

Tulicheka sote, lakini kicheko kilikwisha haraka. Mzigo wake ulikuwa umejazwa wiki ile katika kontena la kuchangia, ukaenda bandari ya Nansha, na meli haikuwa ya Kenya wala ya Tanzania. Mwaka 2021 nauli ya kontena ilipopanda mara kadhaa, hapakuwa na mtu wa kwetu wa kumwendea. Tulilipa, au tuliacha mzigo ghalani tukihesabu siku. Wengine waliondoka Guangzhou moja kwa moja. Tangu 2020 safu zetu zimepungua. Kila mmoja wetu anasema anajitegemea, na ni kweli kwamba hatuna mwajiri. Lakini kati ya ghala la hapa na duka la Mombasa ipo bahari, na bahari ina wenyewe.

Mama wa Kibokoni hakusema wazee walifanya vyema. Alisema tusiwahukumu kabla ya kujua walichokuwa wanakiona. Na kijana hakusema wasingeomba msaada. Alisema msaada una siku ya kwanza na siku ya pili, na watu wetu walijiandaa kwa siku ya kwanza tu. Sisi wengine tuliosikiliza tunaona wote wawili walikuwa na haki, kwa sababu yaliyofuata yaliwathibitisha wote wawili. Ulinzi wa Maskati ulizuia Wareno wasirudi kutawala. Lakini pia ulileta maliwali, wa mwisho wakiwa wa ukoo wa Mazrui. Oman ilipopata watawala wapya, Wamazrui wakakataa kuwatii tangu miaka ya 1740, na kwa karibu miaka tisini Mombasa ikajiendesha yenyewe.

Uhuru huo nao ulikwisha vipi? Kwa meli. Mwaka 1824 Wamazrui, wakiogopa manowari za Seyyid Said, walipandisha bendera ya Uingereza na kapteni Owen akatangaza ulinzi. Mwaka 1826 Waingereza wakaondoka, maana serikali yao haikuukubali. Seyyid Said akaja mwaka 1828 na meli yake Liverpool, yenye mizinga 74, akarudi tena na tena, na mwaka 1837 akaishika Mombasa zaidi kwa hila kuliko kwa risasi, wakati wenyeji wamegawanyika. Wakubwa wa Kimazrui wakakamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas, wasirudi. Mwaka 1895 Waingereza wakaupata ukanda wa pwani kwa kukodi kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, wakaifanya Ngome kuwa jela mpaka 1958. Hata mwaka 1963, Kenya ilipokaribia kuwa huru tarehe 12 Desemba, ilibidi kwanza Sultani akubali kuiachia pwani. Kamba ya mwaka 1729 ilikuwa bado imefungwa kiunoni.

Basi mtoto akituuliza kama kwetu walipigana, tutamwambia hivi. Ndiyo, walipigana, baharini na nchi kavu, zaidi ya miaka mia mbili. Walipigana na wageni na walipigana wao kwa wao. Waliposhirikiana na kuusoma upepo vizuri, kama mwaka 1729, walishinda bila mizinga ya maana, kama wakulima wa Sanyuanli walivyoshinda siku yao ya mvua. Na kama Sanyuanli ilivyoshinda siku moja huku mto wa Zhujiang ukibaki mikononi mwa manowari za Waingereza, Mombasa nayo ilishinda ngome na bahari ikabaki ya wengine. Hiyo si aibu ya kuficha. Ni hesabu ya kufahamu, na nusu ya pili ya hesabu hiyo bado haijafanywa na wajukuu wao.

Tunajua wapo miongoni mwetu ambao hesabu hii inawagusa kwa jina: wa Faza, wa Pate, wa Kilindini, wa Malindi, na Wamazrui wenyewe. Nyumba nyingi zina masimulizi yasiyomo vitabuni, na bibi aliyeyahifadhi pengine bado yu hai, simu moja tu kutoka hapa. Mpigieni. Muulizeni babu zenu walikuwa upande gani wa ukuta, na msishangae akijibu kwamba walikuwa pande zote mbili. Mtakayoyapata yaleteni, tuyaandike katika kurasa hizi kwa Kiswahili, watoto wayasome.

Na mkifika nyumbani, piteni Ngomeni. Wapiga mbizi waliichunguza Santo António de Tanná kati ya 1977 na 1980, na vitu walivyovitoa vimewekwa katika jumba la makumbusho pale. Miongoni mwake mna vyombo vya kauri kutoka China, vilivyokuwa ndani ya manowari iliyozama na mizinga yake. Ubavu wake umebaki chini ya maji, mbele ya bandari ya majahazi. Meli za kontena hazipiti hapo. Zenyewe huingia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, na mizigo yetu ndani yake.